Pampasi au nepi, kombolela au tableti: hela ya mtoto iende wapi

Mtu akipata mimba ya kwanza hapa mjini, zawadi ya kwanza anayopewa na mashosti ni listi. Listi yenyewe mtu kaitoa mtandaoni, imeandikwa huko Ulaya au Marekani, ina vitu vya kujaza chumba kizima, kuna kipasha maziwa, kuna kiti cha kujibembeza chenyewe, kuna mashine ya kuchemshia chupa, kuna taa inayoimba, halafu ukishuka mpaka chini chandarua hamna. Chandarua jamani, Dar hii! Ndo maana nimeona bora niandike ulinganisho wangu, vitu viwili viwili, vile ambavyo watu wanabishania kwenye bebi shawa na kliniki, na mwishoni nitaingia kwenye hili la simu na katuni maana hapo ndo pana ugomvi mkubwa kuliko pampasi.

Kipimo changu ni kimoja tu na nitakirudia rudia. Kitu kinachomkinga mtoto, yaani mbu, uchafu, kukosa hewa, kuungua, hapo usibane hela. Ila kitu kinachomfanyia mtoto kazi yake mwenyewe, kumkalisha, kumtembeza, kumwimbia, kumchezea, hicho kiangalie mara mbili kabla ya kutoa hela, maana hiyo kazi ndo inayomkuza.

Chandarua cha kliniki au kile cha mwamvuli

Kile cha mwamvuli ni kizuri kwa sura, kina maua, kina kigodoro chake, unakifungua unamfunika mtoto mchana sebuleni hata nzi hawamgusi. Kasoro yake vingi havina dawa, na ni vidogo, mtoto akianza kujinyoosha mkono unagusa neti na mbu anauma kwa nje bila shida yoyote. Cha kliniki hakina mvuto, kinakwaruza kidogo kikiwa kipya, lakini kina dawa, mbu akitua hapo anakufa, na mnalala nyote chini yake. Tena Tanzania mama mjamzito anapewa bure akianza kliniki, na mtoto anapewa kingine akienda chanjo ya surua ya miezi 9. Kwa hiyo hapa sio lazima uchague, chukua cha bure kwa usiku, hicho cha mwamvuli ukipewa zawadi kitumie mchana. Kama hela ni ya kununua kimoja tu usinunue cha mwamvuli, basi.

Kitanda cha dukani, cha fundi, au alale na mama

Wengi wetu mtoto analala na mama, tusidanganyane, na kwa kunyonyesha usiku ni rahisi. Hatari kubwa kabisa ni kulala naye kwenye kochi, mama kachoka, TV inawaka, mtoto anateleza katikati ya mto na mgongo wa kochi. Hiyo ni mbaya kuliko kitandani. Na kama kuna mtu kalewa au anavuta sigara, mtoto asilale kitanda kimoja na yeye.

Ukitaka kitanda chake mwenyewe, mafundi wa Keko wanakutengenezea kizuri tu cha mninga na kitadumu mpaka wajukuu. Ila mwambie fundi mapema nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda la kawaida likipita katikati ya fito basi nafasi ni kubwa, mwili wa mtoto unaweza kupita kichwa kikabaki. Godoro liwe gumu na lijae kitanda chote bila kuacha upenyo pembeni. Na yale mapambo ya kuzungushia kitanda ndani, yale ya sponji yanayopendeza kwenye picha, achana nayo, Marekani walipitisha sheria 2022 kuyapiga marufuku pamoja na vitanda vya mtoto vyenye mwinamo. Mtoto analazwa chali, sehemu tambarare, bila mto, bila midoli, bila mablanketi ya kumzidi. Bibi atakwambia chali atapaliwa, mjibu kwa adabu, shikamoo bibi, ila manesi ndo wamesema.

Hapo hapo kwenye mwinamo, wanaonunua mtumba wa vitu vya watoto muwe macho. Kuna kile kibembeo cha kulalia cha Fisher-Price kinaitwa Rock 'n Play, kiliondolewa sokoni Aprili 2019, vipande kama milioni 4.7, baada ya taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30. Vitu vya hivyo vikiondolewa kule havipotei duniani. Kontena likifunguliwa huku hamna anayekwambia hichi kilirudishwa kiwandani kwa sababu gani.

Pampasi au nepi za kitambaa

Hapa hesabu ndo inaongea. Weka pampasi 6 kwa siku, na kichanga anazidi hapo, ni 180 kwa mwezi. Kama moja inakuangukia shilingi 400, mwezi ni 72,000, mwaka ni zaidi ya laki nane na nusu. Nepi za kitambaa ukinunua dazeni mbili unamaliza naye, na mdogo wake anazikuta. Lakini usidanganywe kwamba za kitambaa ni bure, kuna sabuni, kuna maji, na kama maji mnanunua kwa ndoo basi zidisha, halafu kuna mikono ya mtu inafua kila siku na mara nyingi huyo mtu ni dada wa kazi au mama mwenyewe mwenye mshono.

Mi naona mchanganyiko ndo mpango: nyumbani mchana nepi, usiku na safari pampasi. Ile plastiki ya kuvalisha juu ya nepi ipunguzeni, inahifadhi joto na mkojo na ngozi inababuka. Anika juani kabisa, jua la Dar ndo dawa ya bure. Na pampasi usiijaribishe kuona inabeba lita ngapi, kuna watu wanamwacha mtoto na moja asubuhi mpaka jioni ili kubana matumizi, hapo umebana hela ya pampasi umeitoa kwenye hela ya dawa ya vipele. Pia msizitupe chooni wala mtaroni, mvua ikinyesha mnazikuta zinaogelea mlangoni kwa jirani.

Chupa ya nyonyo au kikombe

Hili halina ubishi mwingi. Miezi 6 ya kwanza ziwa tu, hata maji hamna, hata yale maji ya kutuliza tumbo yanayouzwa kwenye vichupa. Ukirudi kazini ukakamua maziwa, watu wananunua chupa moja kwa moja kwa mazoea, ila kikombe kidogo cha wazi ni salama zaidi kwa mazingira yetu, kwa sababu kinaoshwa na kukauka haraka, chupa ina kona na nyonyo yake inashika mabaki ya maziwa na vijidudu vinakaa humo. Kichanga kabisa anaweza kunywa kwa kikombe, analamba kidogo kidogo, manesi wanafanya hivyo wodini kila siku. Ukiamua chupa basi ichemshwe kila mara, sio kusuuzwa. Na isiwe na BPA, hiyo kemikali Umoja wa Ulaya waliipiga marufuku kwenye chupa za watoto 2011.

Mbeleko au kigari

Kigari kina raha yake kwenye korido za Mlimani City. Ukitoka hapo ukaenda Manzese au Tandale ukakutana na mtaro, mchanga na bodaboda, kigari kinageuka mzigo wa pili, mtoto mkono mmoja, kigari mkono mwingine. Mbeleko, yaani kanga ile ile unayofunga kiunoni, inapanda daladala, inapita popote, mikono yako iko huru na mtoto anasikia unavyoongea na muuza nyanya. Mkao wa mgongoni miguu imetanuka magoti yameinuka ni mzuri kwa nyonga za mtoto, hata zile mbeleko za kisasa zenye vifungo zinazouzwa ghali zinaiga mkao huo huo. Angalia pumzi tu, uso usifunikwe, kidevu kisigandamane na kifua, na kichanga kabisa mbebe kwa mbele umwone.

Kigari nunua kama una mapacha, kama una tatizo la mgongo, au kama unaishi sehemu yenye njia za miguu za kueleweka. Kiti cha gari ni habari nyingine, kama mna gari binafsi nunueni na mtoto mdogo akae ameangalia nyuma, hapo ni kwenye kukinga sio mapambo. Wa bajaji, mbeleko na kukaa katikati ya kiti, ndo hali ilivyo.

Woka au mkeka

Hapa nitakaa kidogo maana bado naona watu wanachangishana kununua woka, kile kiti cha magurudumu mtoto anakalishwa katikati anakwenda kwa vidole. Wanaamini kinamwahisha kutembea. Hakimwahishi. Mtoto akiwa humo haoni miguu yake, hajifunzi kusimama wala kudondoka, anasukuma kwa ncha za vidole, ambayo siyo kutembea. Canada wamepiga marufuku kuviuza, kuvitangaza na kuviingiza nchini tangu 2004, na madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakidai hivyo hivyo kwa miaka. Sababu ni spidi, mtoto kwenye woka anafika kabla yako. Kwao huko ni ngazi za ndani, kwetu weka ngazi za baraza, weka jiko la mkaa lililo chini sakafuni, weka chupa ya chai mezani na kitambaa cha meza kinachoning'inia, anakivuta tu.

Mbadala ni mkeka chini. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku kwa vipande vipande, ili shingo na mgongo vikaze. Bei yake ni kulala chini naye. Akianza kusimama, kile kigari cha mbao cha magurudumu matatu anachokisukuma mwenyewe kwa kusimama nyuma yake ni kitu kingine kabisa, anabeba uzito wake mwenyewe na akichoka anakaa. Fundi seremala yeyote anakijua.

Poda na wanja nitapita haraka. Poda ya talki sio lazima kwa mtoto yeyote, vumbi lake anavuta kifuani, na Johnson & Johnson wenyewe waliacha kuuza ya talki Marekani na Canada 2020 na dunia nzima 2023. Mafuta yanatosha. Wanja wa macho najua ni mila na najua bibi hataelewa, lakini baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, hata kidogo tu. Mwombe bibi ampake kwenye nyayo kama ni lazima iwepo alama, wengine ndo wanavyofanya, na uoshe.

Mdoli wa betri au sufuria na mwiko

Sasa tumeingia kwenye kucheza. Ukipita Mtaa wa Kongo utakuta simu za plastiki zinazoimba, kompyuta za watoto zinazosema ABC kwa lafudhi ya ajabu, samaki wanaocheza dansi. Mtoto anafurahi dakika tano. Kuna utafiti wa Marekani, wa chuo kikuu cha Northern Arizona, ulitoka 2016, walichukua wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16, wakawapa vitu vya aina tatu: midoli ya betri, midoli ya kawaida isiyo na umeme, na vitabu vya picha, wakarekodi sauti nyumbani kwao. Kwenye midoli ya betri wazazi waliongea maneno machache zaidi, na kule kujibizana kwa mzazi na mtoto kukapungua. Yaani mdoli ukiongea, mama ananyamaza. Kitabu ndo kiliongoza kwa maneno. Kumbuka hiyo midoli ya betri kwenye boksi imeandikwa inakuza lugha.

Kwa hiyo mtoto wa chini ya mwaka na nusu usimnunulie kitu cha kuongea, ongea wewe. Mpe sufuria mbili na mwiko, mpe vikopo vya plastiki vinavyoingiana, mpe boksi tupu, mpe kanga mjifunike uso na kufunuana. Chupa ya plastiki yenye punje za mahindi ndani ni kayamba nzuri, ila kifuniko kibanwe kwa gundi kweli kweli, punje zikimwagika ni za kupaliwa.

Na hapo kwenye kupaliwa kuna vipimo ambavyo vinahusu mdoli wa dukani na wa nyumbani sawasawa. Chukua kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki katikati ya roli ya tishu za chooni ikiisha, kitu chochote kinachopita humo ndani ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Gololi hazifai, macho ya mdoli yanayonyofoka hayafai, kifuniko cha soda hakifai. Rangi ikibanduka kwa ukucha achana nacho, 2007 hata Mattel, kampuni kubwa ya midoli ya Marekani, ilibidi warudishe midoli kwa ajili ya rangi yenye risasi, sembuse hiyo isiyo na jina kwenye boksi. Na kubwa kuliko yote ni betri za saa, zile ndogo bapa za duara zinazokaa kwenye midoli inayowaka, kwenye rimoti, kwenye kadi za muziki. Mtoto akimeza ikakwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili, sio lazima ivuje, umeme wake ukikutana na mate unatengeneza kemikali kali inayounguza. Usimtapishe, usisubiri kesho aitoe kwa choo, ni hospitali muda huo huo. Mdoli wowote wa betri ambao kifuniko chake kinafunguka kwa kidole bila bisibisi usiingie nyumbani.

Katuni za simu au mchezo wa nje

Hapa umri ndo kila kitu, watu wanabishana wakati mmoja anaongelea mtoto wa miezi minane na mwingine wa miaka minane.

Chini ya miaka 2. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya mwaka mmoja skrini hamna kabisa, na wa mwaka mmoja vile vile haishauriwi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaweka kikomo chao miezi 18, ila wanaruhusu kupiga simu ya video, kwa hiyo baba aliyeko Maskati aendelee kupiga tu, yule ni mtu anajibu. Kujibu ndo siri yenyewe. Kuna jaribio lilifanyika Seattle likatoka 2003, watoto wa miezi 9 wa wazazi wanaoongea Kiingereza wakachezewa na mtu anayeongea Kichina, wakashika sauti za Kichina vizuri. Kundi lingine likaonyeshwa mtu huyo huyo kwenye video, maneno yale yale, muda ule ule. Hawakushika kitu. Na Disney 2009 waliishia kurudisha hela kwa wazazi walionunua video zao za Baby Einstein. Sasa wewe na katuni yako ya YouTube ya kumfundisha mtoto wa miezi saba rangi unategemea nini? Anatulia, ndio, lakini kutulia sio kujifunza.

Tena hata TV inayowaka tu huku hamna anayeiangalia, ile ya tangu asubuhi taarabu mpaka usiku tamthilia, inapunguza maneno mnayoongea na mtoto. Izimeni angalau wakati wa kula na kuogesha.

Miaka 2 hadi 4. Hapa Shirika la Afya Duniani wanasema skrini isizidi saa 1 kwa siku na ikipungua ni bora zaidi, na humo humo wanataka mtoto awe kwenye mjongeo dakika 180 kwa siku, na alale masaa 10 hadi 14 kutegemea umri. Ukipanga hayo mawili kwanza utakuta muda wa simu unajibana wenyewe. Na katuni hazifanani. Chuo Kikuu cha Virginia 2011 waliwaonyesha watoto wa miaka 4 katuni ya mbio mbio kwa dakika 9 tu, wengine wakachora, wengine wakaangalia kipindi cha polepole, halafu wakawapa majaribio ya kujizuia na kukumbuka, wale wa katuni ya mbio wakafanya vibaya. Dakika tisa! Upande wa pili kuna za maana, shirika linaloitwa Ubongo, la hapa hapa Dar, wana katuni za Kiswahili za watoto wadogo, na utafiti uliofanyika Morogoro ukatoka 2018 ulikuta watoto walioziangalia walipanda kwenye kuhesabu, kutambua namba na maumbo. Kwa hiyo swali sio skrini au sio skrini, swali ni katuni gani, dakika ngapi, na nani kakaa naye. Ukikaa naye ukauliza huyu tembo anaenda wapi, hapo umeirudisha kwenye maongezi. Shusha video mapema ukiwa na bando, uzime intaneti, ili ile ya kujiendesha yenyewe isimpeleke usikokujua, huwa inaanza na herufi inaishia kwenye mtu mzima aliyevaa kama mdoli anafungua zawadi.

Ukilinganisha na ukuti, au kuimba mkiwa mmeshikana mikono duara, au kupika chakula cha mchanga kwenye kifuu cha nazi, mtoto wa miaka mitatu anapata mwili, lugha, kusubiri zamu na kugombana na kupatana. Hamna apu ya kugombana na kupatana.

Kuanzia miaka 6. Huku nalegeza kidogo, na sababu yangu iko Tanga. Kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, la kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifundisha mwenyewe, na kati ya 2017 na 2019 wakapeleka tableti kwenye vijiji 170 vya Tanga, watoto karibu 3,000, wengi walikuwa hawajawahi kwenda shule na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hamna mwalimu, hamna intaneti, tableti zinachajiwa kwa sola kijijini. Baada ya miezi 15 ile idadi ya wasioweza kusoma ilishuka kwa nusu. Washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10, na programu zote tano za fainali zikaachwa wazi mtu yeyote atumie. Kwa hiyo anayesema tableti haifundishi aende Tanga. Ila soma vizuri, wale walikuwa watoto wa umri wa shule, programu iliandaliwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kusoma na kuhesabu, humo ndani hakukuwa na YouTube. Tofauti na tableti unayomnunulia wa miaka mitatu birthday ili akae kimya kanisani.

Na umri huu huu ndo umri wa michezo yetu yenyewe. Mdako peke yake, kurusha jiwe juu na kuchota mengine kabla halijatua, ni mkono, jicho na hesabu kwa pamoja. Rede wasichana wanakwepa mpira huku wanahesabu na kujaza mchanga kwenye chupa. Kombolela kuna mbio, kuna kupanga mbinu, kuna kumsubiri wa mwisho awakomboe wote. Gari la waya, huyo ni injinia, kakata, kakunja, tairi limegoma kazunguka kutafuta kandambili iliyokufa. Tiara unajifunza upepo. Na kuwa nje kwenye mwanga wa jua kunawapunguzia watoto uwezekano wa kuwa na macho yasiyoona mbali, hiyo imepimwa hasa huko Asia ya mashariki ambako watoto wengi wanavaa miwani.

Lakini sitaki kudanganya kwamba mchezo wa nje ni bure. Zamani uwanja ulikuwepo, sasa hivi kiwanja cha wazi kimejengwa fremu, bodaboda zinapita kasi uchochoroni, mashimo ya choo yameachwa wazi, na sio kila mtu mzima mtaani ni wa kumwamini. Wazazi wengi hawachagui simu kwa kupenda, wanachagua kwa sababu geti likifunguliwa roho inadunda. Kinachosaidia ni kupatana wazazi watatu wanne, leo watoto kwa Mama Juma kesho kwetu, mtu mzima mmoja kakaa na kiti chake nje anachambua mchicha huku anaangalia. Au uwanja wa shule jumamosi. Mkikosa kabisa, mdako na kuruka kamba vinachezeka kwenye korido.

Kitu ambacho listi zote zinasahau ni nani anakaa na mtoto mchana. Unaweza kuweka sheria zote za dunia, kama dada wa kazi anapika, anafua, anapokea gesi na kubembeleza mtoto kwa wakati mmoja, atampa simu, na mimi simlaumu hata kidogo. Ukitaka mtoto achezewe basi mpunguzie dada kazi moja, na mfundishe kama mtu mzima mwenzako kwa nini, mwambie habari za betri, za kulala chali, za saa moja ya katuni na ni katuni ipi. Nepi akifua yeye basi pampasi za mchana nazo huenda ndo matumizi ya busara kuliko mdoli wa elfu thelathini, maana umenunua muda wake wa kukaa chini mkekani.

Na tableti ukishaamua kununua kwa wa shule, mtumba usio na nyufa kwenye kioo na betri isiyovimba unatosha kabisa, hamna haja ya mpya. Weka neno la siri kwenye duka la apu, futa kila kitu ambacho hukukiweka mwenyewe, kava gumu la mpira lisikosekane, na ichajiwe usiku chumbani kwenu, sio kwao.